Dunia Tupu, Shimo la Ncha na Visahani vya Angani

Mazungumzo ya leo yanahusu habari ambayo huenda imekwisha kufika kwenye simu yako kwa njia ya video fupi yenye muziki wa kutisha. Inasema kwamba dunia hii tunayoikanyaga ni tupu ndani. Inasema kwenye Ncha ya Kaskazini na Ncha ya Kusini yapo mashimo makubwa ya kuingilia, na huko ndani kuna jua dogo, mito, misitu, na watu waliotupita mbali kwa elimu. Inasema pia kwamba visahani vya angani, vile vyombo ambavyo watu husimulia kuviona vikiruka usiku, havitoki kwenye nyota za mbali bali hutoka chini ya miguu yetu.

Je, habari hii ilianzia wapi? Nani aliisema kwanza? Na imekuwaje idumu kwa zaidi ya miaka 300?

Jambo la kushika tangu mwanzo, ndugu msikilizaji, ni hili: wazo la dunia tupu na hadithi ya visahani ni vitu viwili vyenye wazazi tofauti. Wazo lilizaliwa katika sayansi, likapimwa, likashindwa kwa haki. Hadithi ilizaliwa kwenye meza ya mhariri wa jarida aliyetaka kuuza nakala. Vikaja kuozeshwa baadaye, na ndoa hiyo ndiyo inayozunguka leo kwenye simu.

Tuanze na mzazi wa kwanza. Huyu ni Edmond Halley, Mwingereza, yule ambaye nyotamkia maarufu imepewa jina lake. Hakuwa mzushi. Alikuwa miongoni mwa watu waliosoma anga na bahari kwa bidii kuliko karibu wote wa zama zake, na kilichomsumbua ni dira ya mabaharia. Mwaka 1580, sindano ya dira pale London ilikuwa ikielekea upande wa mashariki wa kaskazini halisi, kwa digrii 11 hivi. Kufikia mwaka 1692 sindano ilikuwa imehama, ikaelekea magharibi kwa digrii 6. Mji haujasogea, sindano imesogea! Kwa nahodha aliye katikati ya bahari, jambo hilo lilikuwa la kufa na kupona.

Halley akawaza: kama sumaku ya dunia ingekuwa jiwe lililokaa tuli ndani, sindano isingehama. Basi lazima kuna kitu ndani kinachozunguka kwa mwendo wake, tofauti na huu wa juu. Mwaka huo wa 1692 akachapisha maelezo yake: dunia ni ganda lenye unene wa kilomita 800 hivi, ndani yake kuna uwazi, kisha ganda jingine, kisha jingine, na katikati kabisa tufe. Aliona hata kwamba huenda huko ndani kuna mwanga na viumbe hai. Alilipenda wazo hilo hadi uzeeni. Alipochorwa picha akiwa na miaka 80, alishika karatasi yenye mchoro wa duara ndani ya duara.

Tusimdharau Halley. Swali lake lilikuwa swali la kweli, na sehemu ya jibu lake ilikuwa sahihi. Leo inajulikana kwamba sumaku ya dunia hutokana na chuma cha moto kilichoyeyuka, kinachotiririka kilomita maelfu chini yetu, na kwa kuwa kinatiririka, sindano za dira zinaendelea kuhama hadi hivi leo. Ndani ya dunia kuna kitu chenye mwendo wake, kama alivyosema. Alichokosea ni kudhani kwamba kati ya kitu hicho na sisi kuna uwazi.

Je, walijuaje kwamba hakuna uwazi? Waliipima dunia uzito.

Ndiyo, waliipima uzito, na kifaa kimojawapo kila fundi mwashi anakijua. Mwaka 1774, mwanafalaki Nevil Maskelyne alipanda mlima Schiehallion huko Scotland akiwa na timazi, ule uzi wenye kitu kizito mwishoni unaoonyesha kama ukuta umesimama wima. Isaac Newton alikwisha kusema kwamba kila kitu huvuta kitu kingine. Basi mlima mkubwa lazima uivute timazi kidogo upande wake. Maskelyne alikaa pale miezi, katika mvua na ukungu, akingoja nyota zionekane ili apime jinsi uzi ulivyopinda kando ya mlima. Ulikuwa umepinda, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Mtaalamu wa hesabu Charles Hutton akalinganisha mvuto wa mlima na mvuto wa dunia nzima. Jibu lake: kwa ujazo ule ule, dunia kwa wastani ni nzito karibu mara mbili ya mawe ya mlima ule.

Msikilizaji, lishike hilo kwa sababu ndilo lililoamua kesi. Kama dunia ingekuwa tupu, uzito wake wa wastani ungekuwa mdogo kuliko wa mawe yaliyo juu yake. Imeonekana kinyume. Ndani ni kuzito kuliko juu. Mwaka 1798, Henry Cavendish akarudia kazi hiyo kwa njia nyingine kabisa, kwa mipira ya risasi iliyoning'inizwa ndani ya chumba kilichofungwa, akapata kwamba dunia ni nzito mara 5 na nusu hivi kuliko maji. Vipimo vya leo havijatofautiana naye sana.

Tena kuna jambo ambalo Newton alilithibitisha kwa hesabu, na ambalo video za kwenye simu hazilitaji. Ndani ya tufe tupu, mvuto wa upande huu na mvuto wa upande ule hufutana. Mtu aliyesimama kwenye ukuta wa ndani asingekuwa na uzito wa kumshikilia pale. Mito isingetiririka, bahari isingetulia mahali pake. Kuzunguka kwa dunia kungemsukuma kuelekea ukutani, lakini kwa nguvu ndogo mno, hata upepo ungemwondoa.

Basi jibu lilikuwa limekwisha kutoka. Na bado, tarehe 10 Aprili 1818, miaka 20 baada ya Cavendish, kapteni mmoja wa zamani wa jeshi la Marekani, John Cleves Symmes, alitoa waraka mjini St. Louis akiutangazia ulimwengu kwamba dunia ni tupu, inakalika ndani, na imefunguka kwenye ncha zote mbili. Aliomba wenzi 100 mashujaa, waanzie safari Siberia kwa magari ya barafu yanayovutwa na kulungu. Waraka aliupeleka kwa serikali na vyuo vya Marekani na Ulaya, akauambatanisha na hati inayothibitisha kwamba ana akili timamu.

Symmes hakuwa tapeli. Alizunguka miji akihutubu hadi afya yake ikavunjika, akafa mwaka 1829 bila kupata mali yoyote kwa wazo lake. Ombi lake lilifika hata kwenye Bunge la Marekani. Mfuasi wake mmoja, Jeremiah Reynolds, aliendelea kuhimiza safari ya kusini hata baada ya kuachana na habari ya mashimo, na mwaka 1838 serikali ikatuma merikebu zake kwenye safari kubwa ya uchunguzi. Hawakukuta shimo. Walikuta pwani ndefu ya barafu, wakarudi na maelfu ya mimea, wanyama na vitu vya kale vilivyokuja kuwa sehemu ya hazina ya makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Kaburini kwa Symmes, mjini Hamilton, Ohio, mwanawe aliweka mnara wenye tufe la jiwe lililotobolewa katikati.

Wengine walifuata. Cyrus Teed wa Marekani alifika hatua ya kusema kwamba sisi wenyewe tunaishi ndani ya tufe, na anga tunaloliona liko katikati yake. Waumini wake walijenga kijiji kizima huko Estero, Florida. Marshall Gardner, mwaka 1913, aliandika kitabu kuhusu jua la ndani, akatengeneza hata tufe la kuonyeshea akalipatia hataza.

Tuwaache hao, tuje kwenye ushahidi ambao hakuna anayeweza kuupinga kwa maneno, nao ni matetemeko ya ardhi. Mnunuzi wa tikiti maji sokoni hulipigapiga kwa kidole asikie sauti ya ndani kabla ya kutoa pesa yake. Wataalamu wa matetemeko hufanya hivyo hivyo, ila wao hungoja dunia ipigwe na tetemeko, kisha wasikilize mawimbi yanavyopita ndani na kuibukia upande wa pili. Tetemeko lililoikumba Kagera tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba na kuua watu Bukoba, lilinaswa na mitambo iliyo mbali sana na Ziwa Victoria, kwa sababu mawimbi yake yalipita ndani ya mwili wa dunia. Uwazi ungeyazuia. Mitambo mingi ingebaki kimya.

Mwaka 1906, Mwingereza Richard Oldham alionyesha kwamba mawimbi yanayofika katikati hubadilika mwendo, ishara ya kwamba kuna kiini. Baadaye ikaeleweka kwamba kiini hicho huanzia kilomita 2,900 chini, nacho ni majimaji, kwani aina moja ya mawimbi, yale ya kutikisa upande kwa upande, haipiti humo. Kisha akaja mwanamke mmoja wa Denmark, Inge Lehmann. Alikuwa na rekodi za tetemeko lililotokea New Zealand mwaka 1929, na rekodi hizo zilikuwa na mawimbi madogo mahali ambapo hayakutakiwa kuwapo. Aliyafuatilia kwa penseli na kadi, moja moja, kadi zenyewe akizipanga katika maboksi ya uji wa shayiri. Mwaka 1936 akatangaza alichokiona: ndani ya kile kiini cha majimaji kuna kiini kingine, kigumu. Lehmann alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 104, na ugunduzi wake haujatikiswa.

Atauliza mtu: mbona hakuna aliyekwenda kuona? Ni kweli hakuna. Shimo refu kuliko yote kwenda chini lililochimbwa na binadamu kwa ajili ya utafiti tu, lile la rasi ya Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262 mwaka 1989, baada ya kazi ya karibu miaka 20. Joto huko chini lilifika nyuzi 180, mwamba ukalainika, kazi ikashindikana. Wasikilizaji wa Kenya wanalijua joto hilo, maana mvuke wake ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Olkaria. Lakini kutofika si kutojua. Daktari hajaingia mwilini mwako, ila anasikiliza kifua na kupiga picha, akakwambia kilicho ndani.

Sasa tugeukie mzazi wa pili, hadithi ya visahani. Je, vilipata wapi makao chini ya ardhi?

Miaka ya 1940, mjini Chicago, alikuwako mhariri aliyeitwa Raymond Palmer. Jarida lake, Amazing Stories, lilichapisha hadithi za kubuni za kisayansi. Mwaka 1943 ofisi yake ilipokea barua ya mtu wa Pennsylvania, Richard Shaver, fundi wa kuchomelea vyuma. Shaver alisema anasikia sauti kupitia mashine yake ya kuchomelea, sauti za viumbe wakatili wanaoishi mapangoni chini ya ardhi na kuwatesa watu wa juu kwa mionzi. Msaidizi wa Palmer aliitupa barua. Palmer akaiokota kwenye kapu la taka.

Shaver alikuwa mtu aliyepata kulazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili. Alihitaji huruma na matibabu. Palmer aliyachukua maneno yake, akayaandika upya, na mwezi Machi 1945 akayatoa jaridani kwa namna ya kumfanya msomaji aamini kwamba ni mambo ya kweli. Nakala ziliuzwa sana. Barua zikamiminika kutoka kwa watu waliosema nao wanasikia sauti zile zile. Mtu akitafakari kwamba baadhi ya walioandika walikuwa wagonjwa kama Shaver, na badala ya kuambiwa waende hospitali waliambiwa wanunue toleo lijalo, ataona kwa nini jambo hili si la kuchekelewa.

Halafu, tarehe 24 Juni 1947, rubani Kenneth Arnold, akiruka karibu na mlima Rainier katika jimbo la Washington, aliona vitu 9 vinavyong'aa vikipita kwa kasi kubwa. Magazeti yakaivamia habari hiyo, na visahani vya angani vikaingia midomoni mwa watu wote. Palmer hakuchelewa. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha jarida jipya, Fate, na toleo lake la kwanza lilibeba simulizi ya Arnold. Baadaye akawa na jarida la visahani pekee. Mwezi Desemba 1959, humo ndimo alimotangaza kwamba visahani hutoka ndani ya dunia, kupitia mashimo ya kwenye ncha.

Shahidi wake alikuwa nani? Alikuwa Admeri Richard Byrd, mpelelezi mashuhuri wa nchi za barafu, aliyekuwa amefariki mwaka 1957, na hivyo hakuweza kujibu. Kitabu kimoja cha wakati huo kilikuwa kimedai kwamba Februari 1947 Byrd aliruka kupita Ncha ya Kaskazini, akaenda mbele kilomita zaidi ya 2,700, akaona milima na misitu ya kijani. Miongo kadhaa baadaye ikaibuka hata inayoitwa shajara yake ya siri, yenye tarehe 19 Februari 1947, ikisimulia wanyama kama tembo wa kale na mazungumzo na mkuu wa watu wa chini.

Hapa ndipo pa kutulia, msikilizaji. Tuitazame ile tarehe. Februari 1947 Byrd alikuwa wapi? Alikuwa Antaktika, upande wa pili kabisa wa dunia, akiongoza safari kubwa ya jeshi la majini la Marekani iliyoitwa Operation Highjump. Ilikuwa na merikebu 13 na watu kama 4,700, pamoja na waandishi wa habari na wapiga picha za sinema. Katikati ya mwezi huo aliruka juu ya Ncha ya Kusini. Picha zilizopigwa katika safari hiyo zilitengenezwa filamu, The Secret Land, iliyopata tuzo ya Oscar. Tena mwezi Februari Ncha ya Kaskazini huwa gizani mchana kutwa, maana jua huko huchomoza mwezi Machi. Na miezi 9 kabla ya Palmer kutoa toleo lake lile, tarehe 17 Machi 1959, nyambizi ya Marekani iitwayo Skate ilipasua barafu ikaibuka penyewe pale kwenye Ncha ya Kaskazini. Ilikuta bahari na barafu.

Ushahidi mwingine ni picha. Mwezi Juni 1970 Palmer alichapisha picha ya setilaiti ya Marekani, ESSA-7, na hakika ukiitazama unaona duara jeusi katikati ya Ncha ya Kaskazini, mithili ya mdomo wa kisima. Hadi leo picha hiyo inatumwa kwenye simu. Je, ni ya kughushi? Hapana, ni picha halisi. Ilipigwa tarehe 23 Novemba 1968. Setilaiti ile ilipiga vipande vipande ikizunguka dunia, kila kipande wakati wa mchana wa mahali pale, kisha kompyuta ikaviunga viwe picha moja. Lakini mwezi Novemba Ncha ya Kaskazini haina mchana. Kamera inayotegemea mwanga wa jua haikupata mwanga, ikaacha weusi. Duara lile ni usiku.

Mwaka 1964, Mmarekani aliyehamia Brazili na kujiita Raymond Bernard, jina lake halisi Walter Siegmeister, alikusanya yote haya, Byrd, mashimo, jua la ndani, visahani, akayaweka kitabu kimoja. Nyingi ya video za leo zinakariri kitabu hicho bila kukitaja. Miaka ya 1970 Mjerumani aliyeishi Kanada, Ernst Zündel, akaongeza kwamba visahani ni silaha za Hitler zilizofichwa Antaktika. Zündel huyo ndiye aliyejulikana duniani kwa kukanusha mauaji ya Wayahudi, na mwaka 2007 mahakama ya Ujerumani ilimhukumu kifungo cha miaka 5. Kwa hiyo anayesambaza habari hizi ajue njiani zilipita mikononi mwa watu wa namna gani.

Je, basi hakuna lolote angani lisiloeleweka? Lipo. Jeshi la anga la Marekani lilichunguza taarifa 12,618 hadi mwaka 1969, na 701 zilibaki bila maelezo. Aliyeona taa ya ajabu angani usiku si lazima awe mwongo. Lakini kutojua kitu ni nini hakukupi ruhusa ya kukijengea mji chini ya ardhi. Wazo la dunia tupu lilikufa kwa timazi na matetemeko, na hakuna kisahani kinachoweza kulifufua.

Ombi kwenu, wasikilizaji, hasa walimu na wazazi. Kijana akikuletea video hiyo, usimfokee wala usimcheke. Udadisi wake ni ule ule wa Halley. Kaa naye muulizane: nani alisema, alikuwa wapi siku hiyo, na picha ilipigwa mwezi gani? Tafuteni pamoja kabla hamjamtumia mtu mwingine. Na kama una jamaa anayesema anasikia sauti za watu wa chini ya ardhi wakimtesa, usimtafutie video. Mpeleke hospitali, ukakae naye.